Jino la Simba na Punda Asiyejulikana

Ilikuwapo nchi, na msinitumbulie macho, si hii. Mimi sikuwapo, na hata ningekuwapo ningesema sikuwapo. Kwa hiyo kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, asije akanikatisha mbele ya safari.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja ya kupendeza mno. Kiongozi akishaapishwa, kabla hata hajaonyeshwa ofisi yake, alichagua mnyama. Mnyama huyo alitangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na tangu hapo akawa wake peke yake. Mkuu wa nchi alikuwa Simba, hilo halina mjadala. Waziri wa Fedha alijinyakulia Tembo, Mkuu wa Polisi akawa Chui, na Spika wa Bunge aling'ang'ania Twiga kwa sababu alikuwa mfupi. Kadiri vyeo vilivyoshuka ndivyo wanyama walivyopungua utamu, hata makatibu wasaidizi wakawa wanavutana mashati kwa ajili ya kicheche. Huko sokoni, mama akitaka kumfukuza paka aliyempora dagaa, alitazama kwanza kulia na kushoto, maana Paka alikuwa Mkurugenzi wa Forodha.

Mnyama mmoja tu hakuchaguliwa na mtu: Punda. Miaka nenda miaka rudi alikaa hivyo hivyo, hana mwenyewe.

Sasa katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mwalimu wa Kifaransa, Mwalimu Sikitu, mke wa Mzee Mwinjuma fundi saa. Mama wa watu hakuwa na makuu. Alipenda vitu viwili, mchicha aliojipandia nyuma ya nyumba, na kitabu kimoja kikuukuu cha mashairi ya wanyama alichotunga Mfaransa mmoja wa zamani, zama za wafalme na nywele za bandia. Aliyemfundisha mashairi hayo alikuwa sista mmoja mkali aliyemfinya sikio kila alipokosea kina, na sikio lile, kumbe, lilikuwa na faida. Sikitu hakuyasahau maishani. Kila alipoyasoma alistaajabu. Mfalme wa siku zile alishaoza, na ufalme wenyewe ulishapinduliwa, lakini wale panya na mbweha walikuwa bado wanagombana na kudanganyana kana kwamba wamekutana asubuhi hii kwenye foleni ya maji. Mtu mzima akiyasikia anacheka, halafu kicheko kinakatika, anaanza kujikagua. Na ubeti ukishakuingia, hata upigwe marufuku, unauimba ukioga.

Basi akaanza kuyafasiri kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni, sufuria jikoni na kalamu mkononi. Wali uliungua sana nyumba ile. Mzee Mwinjuma aliula ulivyo, akisema ukoko nao ni chakula.

Alipomaliza, alikipeleka kitabu kwenye Wizara ya Maadili na Mifugo, iliyosimamia mambo hayo. Kilipita chapuchapu. Watu wa maadili walidhani ni kitabu cha mifugo, na watu wa mifugo walidhani ni cha maadili. Kikapigwa muhuri, kikagawiwa shuleni.

Mambo yalikwenda mrama Siku ya Kuishukuru Serikali. Viongozi walikuja shuleni kwa Sikitu, wakakaa chini ya turubai na soda zao, na wanafunzi wake wakapanga mstari wakaghani:

*Simba jino lamuuma,*
*Usiku kucha ahema,*
*Na wanyama wakasema,*
*Jino hilo linang'ara.*

*Punda tu ndiye kanena:*
*Limeoza, Maulana,*
*Ling'oe upate pona.*
*Wakampiga bakora.*

Mheshimiwa Twiga alianza kupiga makofi, akasita mikono ikiwa hewani. Mheshimiwa Tembo alipaliwa na soda. Mheshimiwa Chui akawa anahesabu watoto.

Niwaeleze kisa, maana nyinyi ni wageni. Wiki ile ile shavu la Mkuu wa nchi lilikuwa limevimba, limekuwa kama andazi lililozidi hamira. Hakuna aliyeliona. Televisheni ilimwonyesha kwa upande wa kushoto tu. Alipohutubia akiwa amefunga skafu mpaka sikioni katikati ya joto la Februari, redio ilisema Mtukufu anaongoza kwa mfano katika vita dhidi ya baridi. Nchi nzima ilijua ni jino, na nchi nzima haikujua.

Kesho yake mabwana wawili wenye heshima zao walibisha hodi kwa Mzee Mwinjuma.

"Mwalimu, hukamatwi," walisema. "Unaalikwa."

"Mpaka lini?" akauliza Sikitu.

"Haa, Mwalimu! Mgeni anauliza mwisho wa mwaliko? Huo ni ustaarabu gani?"

Wakampeleka Wizarani, kwenye chumba cha kusubiria wageni. Kulikuwa na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni za dukani, televisheni iliyoshika kikao cha Bunge tu, na dirisha lililotazamana na ukuta wa wizara nyingine, karibu kiasi kwamba ungeweza kuupangusa vumbi. Mlango ulifungwa kwa nje. Sikitu alipougonga, sauti ikamjibu kwa upole kwamba umefungwa kwa sababu ya upepo. Alitazama pazia. Halikutikisika hata kidogo.

Aliyemhoji alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Mkangale, ambaye kisheria aliitwa Mheshimiwa Ngiri. Alichelewa kuapishwa, maskini, akakuta wanyama wazuri wameisha.

"Mwalimu," alianza, "Simba tunamjua. Hao wanyama wanaosifu tunawajua, na wamefanya vizuri. Sasa nisaidie kitu kimoja tu, uende zako nyumbani. Punda ni nani?"

"Punda ni punda, Mheshimiwa."

"Anasema?"

"Kwenye shairi, ndiyo."

"Wewe umewahi kumwona punda akisema?"

"Hapana."

"Basi ni mtu."

Sikitu alivuta pumzi. "Mheshimiwa, shairi hili lina umri wa zaidi ya miaka mia tatu."

Bwana Mkangale aliweka kalamu chini. Uso ulimsawijika. "Unataka kuniambia habari za shavu zimevuja miaka mia tatu iliyopita? Kabla hata hatujawa na Idara ya Usalama? Mwalimu, nakuomba kama dada yangu, usiongeze kosa juu ya kosa."

Wakamwandikia balozi wa Ufaransa wakimtaka mtunzi afike kujieleza. Balozi alijibu kwa adabu kwamba bwana huyo alishafariki siku nyingi. "Wamemficha," alisema Mheshimiwa Ngiri, na suala likafungwa hapo.

Alipokuwa anaondoka siku hiyo alirudi mlangoni, akajikohoza. "Hivi, kitabu kizima, Ngiri ametajwa mara moja tu?"

"Mara moja, Mheshimiwa."

"Tena kwenye foleni. Nyuma ya sungura." Akatikisa kichwa. "Nyuma ya sungura, Mwalimu! Mimi nina watoto wanaosoma."

Siku zikawa zinafuatana. Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile. Mzee Mwinjuma alikuja getini na bakuli la chakula, akaambiwa mkewe hayupo, na kwamba chakula chake kinapokewa. Akampa askari bakuli, akarudi kwenye saa zake. Sikitu aliujua ule wali ulioungua kabla hajafunua. Mume wake alikuwa anajipikia. Akala wote, akalia, akalamba na kijiko.

Ikafika siku Bwana Mkangale akaja na sura ya huruma. Alikaa, nailoni ikalia chini yake.

"Mwalimu, mimi na wewe ni watu wazima. Hapa hatutafuti ukweli, tunatafuta Punda. Taja jina lolote. Hivi huna hata jirani mmoja anayekuudhi?"

Ala! Alikuwa naye, tena wa kupindukia. Bwana Ruhinda, mwenye mbuzi. Mbuzi wale walishakula mchicha wake wote, na mwenyewe akiambiwa hujibu kwamba mbuzi hawajui mipaka. Jina lilimfika Sikitu kwenye ncha ya ulimi. Aliliona geti likifunguka, akaiona njia ya nyumbani, na ugomvi wa mbuzi umekwisha kwa pigo moja.

"Akitajwa, atafanywa nini?"

"Hakuna baya. Atapigwa bakora, kama ilivyoandikwa. Kitabu tumekipitisha wenyewe, hatuwezi kukipinga."

"Mpaka lini?"

"Kitabu hakisemi," alijibu Bwana Mkangale.

Sikitu alilimeza lile jina, likamshuka kwa shida kama mwiba wa perege. "Punda ni punda, Mheshimiwa," akasema.

Aliyemlinda alikuwa Koplo Mwasiti, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na funguo kiunoni. Jioni moja Mwasiti aliingiza chai, akasimama pale pale, anazungukazunguka.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Lile la panya aliyeolewa na mtego, linaishaje? Watoto wangu wananisumbua, mimi najua nusu."

Sikitu akamghania. Mwasiti akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake akaja na dereva. Keshokutwa dereva akaja na mpishi, na mpishi na wahasibu wawili. Maafisa waliomsaidia Mheshimiwa kuhoji nao wakaanza kufika mapema, wanauliza habari za Punda kwa mkato kama watu wanaolipa kiingilio, kisha wanasogeza makochi. Hata Mheshimiwa Ngiri alisikika msalani akighani lile la Jino, tena kwa sauti nzuri. Walimpenda, jamani. Walimletea biskuti. Na Sikitu alipouliza lini atatoka, walitazamana kwa masikitiko ya kweli, wakamwomba jingine moja la mwisho. Ndipo alipong'amua kwamba hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa na haraka ya kumpata Punda.

"Mwasiti, mwanangu," alinong'ona, "nieleze ukweli. Itakuwaje?"

Mwasiti aliangalia mlango. "Mwalimu, bakora zimeshalowekwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, pale koridoni. Mheshimiwa anazikagua kila asubuhi. Punda asipopatikana nje, watasema yumo humu humu. Wewe ndiwe uliyelileta lile neno katika Kiswahili." Akafuta macho kwa kanga aliyojifunga juu ya sare. "Halafu na mimi nina watoto."

Tangu siku hiyo Sikitu hakulala vizuri. Akisikia ndoo ikisogezwa, aliketi kwenye kochi mpaka kukuche.

Ijumaa moja mchana, kelele zikakatika jengo zima. Mlango ukafunguliwa, na Bwana Mkangale akaingia kinyumenyume, amepinda mgongo. Nyuma yake aliingia mzee mrefu, skafu mpaka sikioni. Chumba kikajaa harufu ya karafuu.

"Tokeni," alisema yule mzee kwa upande mmoja wa mdomo. "Wote. Na wewe Ngiri."

Mlango ukafungwa. Mkuu wa nchi akaketi juu ya nailoni, mikono magotini. Kwa karibu hakuwa mkubwa kama kwenye picha. Mikono ilikuwa ya mzee wa kawaida, yenye madoa.

"Shikamoo, Mtukufu," Sikitu alisema.

"Marahaba. Niite Baba, inatosha." Akalegeza skafu. "Wajukuu zangu wanaliimba lile shairi lako. Nikiingia chumbani wananyamaza. Basi nimelisikia vipande vipande, mlangoni, kama mwizi. Simba anaumwa. Wenzake wanamsifu. Punda anapigwa. Halafu?"

"Halafu nini, Baba?"

"Simba. Anaishia vipi?"

Sikitu alimjua Simba yule tangu utotoni. Sikio lenyewe lilikuwa likimkumbuka. Ubeti wa mwisho ulikuja wenyewe kichwani, kimya kimya:

*Asubuhi ikafika,*
*Simba amenyong'onyoka,*
*Roho imeshamtoka,*
*Na jino bado lang'ara.*

"Daktari wangu anasema linang'ara," mzee aliendelea, akitazama sakafu. "Waziri wa Afya anasema linang'ara. Juzi Bunge limepitisha azimio, kwa kauli moja. Mke wangu nilimwuliza chumbani, akaangalia kwanza kama dirisha limefungwa, kisha akasema linang'ara." Alijishika shavu, jicho likamtoka machozi bila yeye kutaka. "Sina mwingine wa kumwuliza, Mwalimu. Hicho kitabu hakinijui. Hakina cha kunipendekezea."

Nje ya mlango viatu vya Mheshimiwa Ngiri vililia mara moja, vikatulia. Na kule koridoni, Mungu wangu, ndoo ikasogezwa.

Sikitu alijua. Msije mkasema hakujua. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na mzee wa watu alikuwa amekaa mbele yake analisubiri. Lakini alimwona pia Mzee Mwinjuma, peke yake mbele ya sufuria. Aliuona mgongo wake mwenyewe, mgongo wa mwanamke wa miaka sitini kasoro. Akasema lile lililokuwa jepesi.

"Alipona, Baba."

"Alipona?"

"Alipona kabisa."

"Bila kung'oa?"

"Lilipoa lenyewe."

Sikitu alitegemea mzee atafurahi. Hakufurahi. Alimtazama kama mtu aliyezunguka mtaa mzima kuazima chumvi, akafika nyumba ya mwisho na huko nako akaambiwa imekwisha. Kisha akainuka taratibu, akajifunga skafu vizuri.

"Ahsante, Mwalimu. Nenda nyumbani."

Akatoka. Muda huo huo Bwana Mkangale akaingia anachekacheka, amebeba mfuko wa Sikitu kwa mikono yake mwenyewe. Simba amepona kitabuni! Basi Punda alikuwa mwongo, na mwongo wa kitabuni si mtu wa kumtafuta. Kwa nini Mwalimu hakuyasema haya tangu mwanzo, wakasumbuana bure? Alimwomba tu, kwa unyenyekevu, toleo lijalo lieleze waziwazi kupona huko, na kama kutakuwa na nafasi, Ngiri asogezwe mbele ya sungura. Mwasiti alimkumbatia mpaka getini, na gari la Wizara likamfikisha mlangoni. Mtaa ulimpokea kwa vigelegele. Hata Bwana Ruhinda alileta maziwa ya mbuzi.

Usiku watu walipotawanyika, Mzee Mwinjuma alimtengea chai.

"Mama Zuhura, uliwaambia nini hata wakakuachia?"

Alimweleza. Mzee Mwinjuma alikoroga chai yake, akakoroga tena, ilhali hakuwa ametia sukari. Hakumlaumu hata kwa neno. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Haukupita muda redio ikakatiza muziki. Mtukufu Simba Mwenyewe alikuwa amefariki dunia ghafla, akiwa na afya njema kuliko wakati mwingine wowote. Mheshimiwa Tembo alikubali kwa majonzi makubwa kuwa Simba mpya, na akaapishwa kabla ya taarifa kwisha. Serikali ikatoa ratiba ya kulia, wilaya kwa wilaya, ili wananchi wasirundikane.

Mwalimu Sikitu hakufuata ratiba. Alikaa kibarazani akalia kwa sauti, kutwa nzima. Balozi wa nyumba kumi alikuja mbio.

"Mwalimu, taratibu basi. Mtaa wetu zamu yetu Alhamisi."

Hakumsikia. Balozi alimtazama uso, akaenda kumripoti. Jioni redio ikamsifu Mwalimu Sikitu kwa jina, kwamba uchungu wake kwa taifa ni mfano wa kuigwa, na viongozi wote wakatakiwa wajifunze kulia namna ile. Majirani walimjia na sukari. Alilia zaidi.

Shule zilipofunguliwa, vitabu vipya vilikuwa vimefika, vyenye ubeti mpya, Simba mzima na Ngiri mbele ya sungura. Watoto walivifungua kama walivyoambiwa. Halafu wakasimama, wakaghani bila kuvitazama, na kichwani mwao ulikuwa ule wa zamani, mpaka kwenye ile asubuhi iliyofika. Sikitu hakuwazuia. Angewazuiaje?

Binti mmoja mdadisi, Mwanakombo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona Simba amekufa, na Punda alimwambia?"

"Hakumwambia," alisema Sikitu.

Darasa likanong'ona. "Alimwambia, Mwalimu! Si ndiyo maana wakampiga?"

"Huko kwao alimwambia," alisema Mwalimu Sikitu. "Huku kwetu aliulizwa, tena kwa upole, akasema linapoa lenyewe. Wakamrudisha nyumbani kwa gari. Kaeni."